Dirisha la Musaga

Baba alikuwa fundi wa mashua Bujumbura, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Wakati wa likizo nilikuwa natoka naye kwetu Musaga, nambebea kisanduku cha vifaa. Kazi ninayoikumbuka zaidi ni mashua ya tanga ya mzungu mmoja. Vioo vya madirisha vilikuwa vimepasuka, maji yanaingia hadi kitandani. Baba akasema kioo hapana, tuweke pleksi, ile plastiki ngumu inayopitisha mwanga kama kioo lakini ukiipiga haivunjiki kirahisi.

Kuikata si shida. Shida ni matundu. Mimi nilitoboa tundu sawasawa na unene wa skrubu, nikakaza kwa nguvu, nikijiona fundi. Paa! Ufa toka pembe hadi pembe. Nikangoja kofi. Mzee akasema tu: "Jua likiwaka hii kitu inatanuka. Usipoiachia nafasi inajipasua yenyewe." Tundu lizidi skrubu kidogo, ukaze kwa mkono, silikoni ndiyo izuie maji. Na usiifute kwa petroli hata siku moja, itatoa nyufa ndogondogo kama utando wa buibui.

Aprili 2015, maandamano ya kupinga muhula wa tatu yalipoanza, Musaga ilijaa vizuizi, mawe, risasi. Kioo cha sebuleni kikamwagika chini. Baba akatafuta kipande cha pleksi kilichobaki kazini, tukakifunga kwa skrubu nane, kama cha mashua. Mama akalalamika kwamba kina ukungu (kweli kilikuwa nacho). Wiki chache baadaye tulikuwa Kagunga, tunangoja boti ndogo zitupeleke kwenye Liemba, maana wakati ule pale hakukuwa na gati. Meli ile iliundwa Ujerumani mwaka 1913. Watu wanalia, wanatapika, na baba anakagua madirisha.

Tumemzika hapa hapa Nyarugusu. Dirisha langu mimi ni turubai nililokata kwa wembe. Jua limelila, nimeshalishona mara tatu.

Mwezi uliopita jirani yetu aliyerudi kwa hiari alinipigia simu. Amepita kwetu. Mle ndani wanaishi watu asiowajua. Lakini pleksi ipo, imegeuka njano, ufa haina.

Nikamwuliza, skrubu zote nane zipo?

Akacheka. "Ndugu yangu, nisimame dirishani kwa watu nihesabu skrubu?"