Jina la Kikadirio

Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi imepita kwenye makosa sanifu. Nilikuwa mchambuzi wa takwimu Dar es Salaam, na nililolipigania zaidi ni kila jedwali litaje limekadiria variansi kwa njia gani.

Mzozo wa kwanza ulihusu mikoa 26 ya Tanzania Bara, kila mkoa mstari mmoja wa data, na modeli yenye koefisienti sita. Mwenzangu alitumia Stata, mimi R. Koefisienti zililingana hadi desimali ya mwisho, nyota za umuhimu wa kitakwimu zikakataa. Yeye aliandika robust, na hapo Stata huchukua HC1: fomula ya Halbert White ya 1980 ikizidishwa kwa 26/20, basi makosa sanifu yanapanda kama asilimia 14. Kifurushi cha sandwich cha R, usipokielekeza, huchukua HC3, ambayo hulikuza zaidi baki la mkoa unaovuta mstari kuelekea kwake. Mvuto ukiwa 0.5, baki huhesabiwa mara mbili. Kwa data ya mijini, mkoa huo ni Dar es Salaam. Nilishika HC3, na bado naishika kwa sampuli ndogo kama ile. Ila mkuu wetu alitaka tuchague jedwali lenye nyota nyingi, na hilo nililikataa waziwazi. Kikadirio huchaguliwa kabla ya kuona majibu.

Kwenye data za paneli hatari ni kubwa zaidi. Mwaka 2008 Stock na Watson walionyesha kwamba, kwa modeli ya athari zisizobadilika yenye vipindi vichache lakini zaidi ya viwili, fomula ya White haifikii variansi ya kweli hata kaya ziongezeke vipi. Siku hizi robust ndani ya xtreg, amri ya Stata ya data za paneli, humaanisha klasta ya kaya. Ndani ya regress, amri ya kawaida, ni HC1 ileile. Kwa hiyo vijana wangu niliwazuia kuandika robust peke yake.

Tena klasta ya kaya haitoshi. Katika utafiti wa taifa wa kufuatilia kaya, ulioanza 2008/09, yalichaguliwa kwanza maeneo ya kuhesabia watu, ndipo kaya ndani yake. Klasta yetu ikawa eneo. Ukitumia eneo la sasa, xtreg inagoma, maana waliohama wanaonekana katika klasta mbili. Tukawaweka wote katika eneo walikochaguliwa mwanzoni, na namba ya eneo hilo ikaingia kwenye kila faili.