Karani wa Cibitoke

Mwandishi wa kumbukumbu hizi, ambaye hapa ataitwa karani tu, amefanya kazi karibu maisha yake yote Cibitoke, kaskazini mwa Bujumbura. Hakusomea uwakili. Alianza na mashine ya kupiga chapa, kisha kompyuta na fotokopi, katika chumba kimoja kinachotazama barabara ya vumbi. Majirani humletea mikataba ya nyumba, ya kibanda sokoni, ya ulinzi wa usiku, ya ngoma za harusi.

Sheria anayoitegemea ni ya zamani kuliko jamhuri yenyewe. Amri ya tarehe 30 Julai 1888, iliyotungwa kwa ajili ya Kongo ya Mfalme Leopold na baadaye kutumika Burundi, inasema katika kifungu cha 33 kwamba mapatano yaliyofungwa kihalali ni sheria kwa waliopatana. Mteja akisikia hivyo huvuta kiti karibu na kuanza kuuliza maswali.

Tarehe 27 Januari 2013 soko kuu la Bujumbura liliungua. Wiki zilizofuata, akina mama waliokuwa wamechukua vitenge kwa mkopo walifika kwa karani wakiamini kwamba moto umewafutia deni. Ilimuuma kuwaambia kwamba mzigo ukishauzwa na kukabidhiwa ni mali ya mnunuzi, hata ukiungua kabla hajaulipia. Tangu hapo hakuna mkataba wa mkopo wa bidhaa unaotoka mezani kwake bila kusema moto ukitokea hasara ni ya nani na deni litalipwa kwa muda gani.

Mzee mmoja mlinzi alikataa kuandikiwa mkataba. “Mwanangu, bosi ananijua.”

“Anakujua, mzee. Watoto wake je?”

Mzee akakubali. Karani aliandika tarehe ya kuanza kazi, mshahara, saa za zamu na namba za karangamuntu, yaani vitambulisho, za pande zote mbili. Mzee hakujua kuandika, akatia kidole kwenye wino, kila ukurasa, shahidi akimtazama. Nakala moja ilikwenda kwa bosi, nyingine mzee akaikunja na kuitia mfukoni. Tarehe ile ya kuanza ina uzito: Kanuni ya Kazi, iliyofanyiwa marekebisho kwa sheria ya tarehe 24 Novemba 2020, huangalia miaka ya utumishi mtu anapoachishwa. Mfanyakazi asiye na nakala huenda kwa mkaguzi wa kazi akiwa na maneno matupu, na hilo karani analiona kuwa dhuluma.

Kazi iliyomsumbua kuliko zote ilikuwa ya ngoma. Kikundi kilikuwa kimeshapatana na familia ya bwana harusi na kupokea malipo ya awali, ndipo Oktoba 2017 ikatoka amri ya rais: wanawake wasipige ngoma, sherehe ziwe na kibali cha wizara ya utamaduni, na faranga 500,000 za Burundi zilipwe kwenye hazina ya serikali. Nani alipe? Mkataba ulikuwa kimya. Familia ilisema kibali ni cha wapigaji, wapigaji wakasema sherehe ni ya familia. Walikaa kwa karani hadi giza likaingia, wakaandika kiambatisho: familia italipia kibali, kikundi kitapunguza bei na kujitafutia usafiri. Leo kila mkataba wa onyesho anaouandika unataja kibali, mvua, usafiri wa kurudi, na malipo ya awali yatakavyokuwa sherehe ikiahirishwa.

Siku hizi wanaokuja zaidi ni vijana wa muziki. Sheria ya tarehe 30 Desemba 2005 inamlinda mtunzi, lakini haki za kuuza na kusambaza wimbo zinaweza kuhamishwa kwa saini moja. Majuzi alikuja kijana na karatasi ya studio iliyodai nyimbo zake zote, zilizopo na zijazo, bila kikomo cha muda. Alitaka kusaini siku hiyohiyo. Karani alipiga mstari chini ya neno “zijazo”, akaandika pembeni “miaka mingapi?”, akamrudisha nyumbani akaisome na kaka yake.