Mwanzi Unaotoa Divai

Ukipita barabara kuu ya kutoka Mbeya kwenda Iringa wakati wa mvua, utaona kando ya njia madumu na ndoo zenye kinywaji cheupe kama maziwa yaliyotiwa maji. Si maziwa. Ni ulanzi, divai ya mianzi, na mwezi wa Machi tulisafiri akina mama wanne wa Mbeya kwenda kuona unavyopatikana. Tulialikwa na akina mama wenzetu wa kanisa katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Kilolo. Wawili kati yetu ni wauguzi, na tulikwenda na swali ambalo tumelibeba kwa miaka mingi.

Tuliondoka alfajiri. Tuliipita Uyole na mashamba yake ya viazi, tukashuka Chimala ambako uwanda wa Usangu ulikuwa kijani kwa mpunga, kisha tukapanda Makambako, ambako baridi ilitulazimisha kujifunga vitenge mabegani. Baada ya hapo ikawa ni misonobari ya Sao Hill, safu kwa safu, hadi Mafinga. Ni safari ya zaidi ya kilometa 300. Tulishuka Ipogolo, chini ya mlima wa mji wa Iringa, karibu na Mto Ruaha Mdogo, tukapanda gari dogo la kwenda Kilolo.

“Kamwene, dada zangu!” mama mwenyeji alitulaki kwa salamu ya Kihehe. Alitupa maji ya kunawa, akatuwekea viazi vya kuchemsha, na kabla hatujamaliza chai alisema, “Twendeni sasa hivi. Ulanzi haungoji mgeni.”

Bondeni kwa mgema

Mianzi ya ulanzi haioti ovyo msituni. Watu huipanda karibu na nyumba na kandokando ya mabonde, na shina moja huweza kurithiwa na wana na wajukuu. Mizizi yake hushika udongo usichukuliwe na maji. Mianzi iliyokomaa hujengea nyumba na uzio, husukiwa vikapu, na hutengenezewa yale matenga ambayo wakulima wa Ilula hupakia nyanya.

Divai yenyewe hutoka kwenye chipukizi. Mvua zinapoanza, machipukizi huchomoza kwa kasi. Likifikia urefu wa mtoto wa shule hivi, mgema hulikata ncha kwa kisu kikali, kisha hulifungia chombo kiitwacho mbeta, ambacho nacho ni kipande cha mwanzi. Maji matamu huanza kudondoka humo. Asubuhi na jioni mgema hurudi, humimina kilichopatikana, na kulichonga tena chipukizi kidogo sana, kama mtu anayemenya ngozi ya nyanya. Akiacha kuchonga, kidonda hukauka na maji hukatika. Kazi hiyo huendelea siku kadhaa kwa kila chipukizi, na msimu wote hudumu tangu mwisho wa mwaka hadi karibu mwezi wa Mei.

Tulimwuliza mgema kwa nini ameacha machipukizi mengine bila kuyagusa. Alicheka. “Mama, nikiyakata yote mwaka huu, nitawaachia nini wanangu? Haya ndiyo mianzi ya kesho.”

Kuhusu usafi, tuliona tofauti kubwa baina ya shina na shina. Mbeta nyingine zilikuwa zimefunikwa kwa majani, nyingine zilikuwa wazi na ndani yake wameelea nzi na nyuki. Mama mwenyeji huziosha za kwake kwa maji ya moto. Ya jirani haioshwi kamwe, kwa sababu, kama alivyosema mwenyewe, “ikioshwa ulanzi hauchachi upesi.”

Mtamu wa asubuhi, mkali wa jioni

Hapo ndipo tulipoanza kupata jibu la swali letu. Ulanzi uliotoka kugemwa huitwa mtogwa. Ni mtamu, na hata watoto huupenda. Ukikaa, huwa mkangafu, yaani ule mkali unaolevya. Hakuna anayetia kitu chochote. Hamira ya asili iliyomo kwenye mbeta, na hata hewani, hula sukari na kuigeuza kuwa kileo. Kazi hiyo huanza chombo kikiwa bado kimefungwa kwenye mwanzi. Siku ya pili au ya tatu, kinywaji huwa kichungu na chenye nguvu.

Jambo hilohilo hutokea kwa zabibu. Huko kusini mwa Ufaransa, katika nchi ya Languedoc iliyo karibu na Bahari ya Mediterania, jua kali huiva zabibu hadi zikajaa sukari, na sukari nyingi huleta divai kali. Wakulima wa huko huchuma kuanzia Agosti au Septemba, wengine usiku, ili zabibu zifike kiwandani zikiwa baridi. Huzisaga, huacha maganda ndani wakitaka divai nyekundu, na sukari ikiisha hufungia divai mbali na hewa isigeuke siki. Kwetu Dodoma, ambako mizabibu ililetwa na wamisionari, mkulima akipogoa vizuri huvuna mara mbili kwa mwaka.

Lakini mtengenezaji wa divai ya zabibu ana chupa, pipa na lebo. Mnunuzi husoma kiasi cha kileo kilichomo. Ulanzi hauna lebo. Mnywaji hujua saa tu, na mara nyingi hata saa hajui.

Bibi tuliyemkemea

Sasa tuwaeleze lile swali. Miaka mingi iliyopita, katika zahanati tuliyokuwa tukifanya kazi, bibi mmoja alituletea mjukuu wake wa miaka miwili hivi. Mama wa mtoto alikuwa shambani tangu alfajiri. Mtoto alikuwa amelegea, ana jasho la baridi, haamki akiitwa. Tulidhani ni malaria. Tulipoinama kumsikiliza pumzi, tukanusa pombe.

Sukari ya damu ilikuwa imeshuka sana. Kileo humfanyia hivyo mtoto mdogo, hasa asiyekula: ini lake hushindwa kutoa sukari, na ubongo hukosa chakula. Tulimpa sukari kwa mshipa, akafumbua macho. Bibi akalia kwa furaha. Nasi, badala ya kumshika mkono, tulimkemea mbele ya watu wote kwenye foleni. Alijitetea kwa sauti ndogo, “Wanangu, nilimpa ule mtamu.” Tukamwita mwongo.

Bondeni kule Kilolo tulionja mtogwa wa asubuhi, tukaonja tena chombo kilekile saa nane mchana. Ulikuwa bado mtamu mdomoni, lakini ulianza kuchoma kooni. Sukari iliyobaki huficha kileo kilichokwisha kuingia. Bibi yule hakusema uongo. Alimpa mtoto kitu kitamu, asijue kwamba saa zilikuwa zimeshakibadilisha. Tulinyamaza muda mrefu tukirudi kijijini. Bibi huyo alikwisha fariki, na hatuna wa kumwomba radhi.

Mazungumzo ya jioni

Usiku, karibu na moto, mmoja wetu alisema waziwazi kwamba mama Mkristo hapaswi kuuza ulanzi. Mama mwenyeji hakukasirika. Alisema, “Dada, Januari hadi Machi ghala halina mahindi, mapya bado yako shambani. Ni kweli ada imeondolewa shule za serikali tangu 2016 hadi kidato cha nne, lakini sare, madaftari na mchango wa chakula ni vyetu. Kitu gani kingine kinatoa fedha kila siku mwezi wa Februari?”

Hatukuwa na jibu la haraka. Lakini naye alikiri upande wa pili: wapo akina baba ambao fedha ya mianzi hurudi palepale kilabuni, na mama hulala akisubiri mlango ugongwe. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Tuliona kwamba mgema asiyeambiwa kitu naye huharibu. Basi tukakubaliana juu ya mambo ambayo kila mama anaweza kuyafanya nyumbani kwake.

Kwanza, mtoto asipewe ulanzi, hata ule unaoitwa mtamu. Uji au togwa mpya ya nafaka iliyopikwa siku hiyohiyo humfaa zaidi. Kuuchemsha ulanzi hupunguza uchachu kuendelea, lakini usitegemee kwamba huondoa kileo chote kilichokwisha kuingia.

Pili, mama mjamzito asinywe kabisa. Kileo hupita kwenye kondo la nyuma hadi kwa mtoto na kinaweza kumdhuru ubongo. Shirika la Afya Duniani lilitamka mwaka 2023 kwamba hakuna kiasi cha pombe kisicho na madhara kwa afya.

Tatu, ukimkuta mtoto amelegea na ananuka pombe, usimwache “alale iishe.” Kama anaweza kumeza, mpe maji ya sukari, kama hawezi, usimtie kitu mdomoni. Mlaze ubavu, mpeleke kituo cha afya mara moja, na useme kweli amekunywa nini. Nasi wauguzi tuipokee kweli hiyo bila kumwaibisha aliyeisema.

Nne, fedha ya mianzi isitegemee ulanzi peke yake. Mama mwenyeji ameanza kusuka matenga kwa mianzi iliyokomaa, na ameacha machipukizi mengi zaidi yakue.

Kurudi Mbeya

Asubuhi ya kuondoka, mwenzetu mmoja, ambaye usiku hakuwa karibu na moto kwa sababu ya uchovu, alinunua dumu la lita tano la mtogwa uliotoka kugemwa. “Wajukuu wangu hawajawahi kuuonja,” alisema. Aliufunga vizuri, akauweka miguuni mwake ndani ya basi.

Tulipofika Mafinga dumu lilikuwa limevimba. Karibu na Makambako kifuniko kilianza kulia kama sufuria inayochemka. Tukamsimulia habari za yule bibi na mjukuu wake. Basi liliposimama, alishuka bila kusema neno, akaumwaga wote kwenye majani kando ya barabara. Dumu tupu alilipeleka nyumbani. Hadi leo hulitumia kuchotea maji.