Nje ya Upepo wa Jua

Jumanne, 23 Aprili 2024
Mvua tangu alfajiri, Ngamiani hapiti mteja. Redioni wanasema chombo cha anga Voyager 1 kimeanza tena kutuma habari za kueleweka, baada ya miezi mitano ya kubwabwaja. Chipu moja ya kumbukumbu ilikufa. Mafundi wakaikata programu iliyokuwamo vipande vipande, wakavibanza huku na huku, maana hapakuwa na mahali pamoja pa kuitosha yote. Amri ilisafiri saa 22 na nusu, jibu nalo vivyo hivyo. Mimi nikikaa na redio ya mtu siku mbili naitwa mwizi! Na chombo hicho kimerushwa 1977, hakuna bisibisi ya kukifikia.

Jumapili, 19 Mei
Deep Sea, kwa mjomba. Kusi imekaza, ngalawa zimelala. Nikamweleza kwamba jua nalo lina upepo, huvuma pande zote hadi ukutane na gesi iliyo kati ya nyota, hapo hukosa nguvu ya kusukuma.

"Mpaka huo waliujuaje?"

Swali la mvuvi. Kipimo cha upepo cha Voyager 1 kiliharibika tangu 1980. Ilibidi jua lenyewe lilipuke, Machi 2012. Mshindo ukakifikia chombo Aprili 2013, gesi ya huko ikatetemeka, na kwa mtetemo ule wakajua imesongamana kiasi gani: zaidi ya mara 40 kuliko ndani. Wakahesabu kurudi nyuma, wakakuta kilivuka 25 Agosti 2012. Kumbe kilikuwa nje muda wote huo! Nami nilidhani nje ndiko kutupu zaidi. Mjomba hakushangaa. Nje ya mwamba, anasema, kasia ndilo linalokwambia.

Jumapili, 16 Juni
Kesho Idi. Vipimo vyote vinne vya Voyager 1 vilivyosalia vinafanya kazi tena. Jioni nikamsimulia mjomba ile santuri ya shaba iliyopakwa dhahabu, iliyopakiwa chomboni, yenye salamu za lugha 55. Kiganda kimo, Kinyanja kimo, hata Kiila cha Zambia. Wimbo wa wasichana wa Kimbuti wa Ituri umo. Jane Goodall na sokwe wa Gombe wamo pichani. Kiswahili hakimo. Sokwe wetu wamepanda, sisi tumeachwa gatini. Imeniuma kuliko inavyostahili.

"Lugha 55, na hakuna aliyepiga hodi?"

Nikamwambia Mganda aliwaombea amani ya Mungu. Akaridhika kidogo, akarudi kwenye wavu wake.