Mkate Kabla ya Maswali

Jumapili ile tulimkosea mtoto, na Jumatatu yake mkate ukatuumbua. Tunaandika habari hii kwa sababu kosa lenyewe tulilifanya tukiwa mbele ya madhabahu, na huenda nawe, mpendwa msomaji, umeliona likifanyika katika usharika wako.

Tulikuwa wachungaji wawili wa dayosisi moja, tumealikwa Texas, Marekani, na waumini wanaoabudu kwa Kiswahili. Wako wengi huko: Watanzania, Wakenya, na ndugu kutoka Kongo waliopitia kambi za wakimbizi. Mjini Dallas kundi lililotualika huabudu alasiri, katika jengo la Wamarekani wanaolitumia asubuhi. Wazee wa kanisa walituita kwa sababu kulikuwa na mvutano. Wazazi walitaka ibada ibaki ya Kiswahili kitupu. Vijana walisema hawaelewi mahubiri, na baadhi yao walikwisha anza kubaki nyumbani. Tuliombwa tusikilize pande zote, kisha tushauri.

Hatukusikiliza. Tulikuja na jibu letu mkobani. Tulihubiri kutoka Kumbukumbu la Torati sura ya 6, pale Waisraeli wanapoagizwa kuwafundisha watoto wao wakiwa nyumbani na wakiwa njiani. Katikati ya mahubiri tukamwita mbele binti wa miaka kumi na mitatu, tukampa kipaza sauti, tukamwambia asome kwa kichwa Imani ya Mitume kwa Kiswahili. Akaanza vizuri. Alipofika kwa Pontio Pilato akakwama. Akajaribu tena, ulimi ukateleza, neno likatoka kombo. Watu wakacheka. Sisi nasi tukacheka, kisha tukasema kwa kipaza sauti kilekile: “Mtoto asiyejua lugha ya baba yake, atamjuaje Mungu wa baba yake?” Makofi yakapigwa. Binti akarudi kukaa, akainamisha kichwa, hakukiinua tena hadi baraka.

Hatutasema ni nani kati yetu aliyeuliza na ni nani aliyecheka kwanza. Sote wawili tulikuwa pale.

Kesho yake baba wa binti huyo ndiye aliyetuendesha kwenda Austin kuonana na kundi jingine la waumini. Shule zilikuwa zimefungwa, hivyo binti akaja nasi. Alitusalimu, “Shikamooni,” tukaitika, akaingia kiti cha nyuma, akaziba masikio kwa vidude vya muziki. Baba yake alikuwa mkarimu kama siku zote, lakini maneno yake yalipungua. Jua la Julai liliiwakia barabara kuu, malori yakatupita, na kwa zaidi ya saa moja tulitazama nyasi zilizokauka bila kuzungumza jambo la maana.

Tulipofika kwenye mji mdogo uitwao West, kabla ya Waco, mwenyeji wetu akakata kona. “Baba wachungaji,” akasema, “hapa hatupiti bila kula mkate wa Wacheki.”

Mahali penyewe palikuwa kando ya barabara, pamoja na kituo cha mafuta. Ukifungua mlango unapokewa na harufu ya siagi, hamira na sukari iliyoshika moto. Kabati refu la kioo limejaa trei, na juu ya trei kuna vimikate laini, kila kimoja kina shimo katikati lililojazwa kitu: plamu kavu zilizopondwa, aprikoti, jibini laini, mbegu nyeusi za mpopi. Juu yake hunyunyizwa chengachenga za unga, siagi na sukari. Huitwa kolache. Vipo pia vilivyofungiwa soseji ndani, na Wacheki wa Texas watakusahihisha ukiviita kolache; hivyo ni klobasniky. Unga wake ni wa ngano, maziwa, mayai na hamira. Mama zetu wanaokanda maandazi alfajiri wangeutambua mara moja kwa vidole.

Tulipanga foleni. Zamu yetu ilipofika, mama aliyehudumu akatuuliza jambo kwa haraka, kwa Kiingereza cha Texas kinachovuta maneno. Hatukuelewa. Akarudia. Tukajibu kwa Kiingereza chetu cha chuoni, kile tulichosomea vitabu vya theolojia na kuandikia insha, naye hakutuelewa. Tukanyoosha kidole, akachukua kingine. Nyuma yetu mtu akashusha pumzi kwa sauti. Mwingine akacheka kidogo, pengine kwa jambo lake mwenyewe, lakini sisi tulihisi kicheko kile mgongoni. Tukasimama pale, watu wazima wenye kola shingoni, tumekwama kama mtoto aliyefika kwa Pontio Pilato.

Ndipo tukasikia sauti ndogo pembeni yetu: “Baba Mchungaji, unataka ya matunda ama ya nyama?”

Alikuwa yule binti. Alituuliza polepole, akamwambia mama wa kaunta, akatufundisha namna ya kulitamka jina la mkate, akahesabu dola mkononi mwetu na kuturudishia zilizozidi. Hakucheka. Tulimwangalia usoni tukitafuta hata dalili ya kulipiza kisasi, hatukuiona.

Tulikaa nje kivulini. Baba yake akamwambia binti aombe. Akaomba kwa Kiingereza, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuongea na Mungu wakati watu hawamsikilizi. Alimshukuru Mungu kwa mkate na kwa waliouoka usiku. Alimwombea baba yake asisinzie barabarani. Aliwaombea watu wasio na chakula. Kisha akamwombea kila mmoja wetu kwa jina, kwamba Mungu atupe nguvu na aturudishe salama kwa watoto wetu. Safari hii tulielewa kila neno. Kumbe swali tulilolipigia makofi Jumapili lilikuwa na jibu, na jibu lenyewe lilikuwa limekaa nasi mezani likishika kolache ya aprikoti.

Meza ya jirani aliketi mzee, Mmarekani mwenye kofia ya shambani. Alituona tukiomba, akatuuliza tunatoka wapi. Tukasema Tanzania, Walutheri. Akasema yeye ni wa kanisa la Ndugu, watu wa Jan Hus. Wacheki wengi wa Texas ni Wakatoliki, lakini tangu miaka ya 1850 walikuja pia Waprotestanti, wengi wao kutoka Moravia, na mwaka 1903 wakaunganisha makanisa yao katika umoja wa Ndugu.

Hapo historia ya Kanisa tuliyoikariri chuoni ikashuka mezani. Hus alihubiri Praha kuanzia mwaka 1402 katika kanisa lililoanzishwa mwaka 1391 makusudi ili watu wahubiriwe kwa Kicheki, lugha waliyoielewa. Kanisa hilo liliitwa Betlehemu, maana yake nyumba ya mkate. Mwaka 1415 Hus alichomwa moto mjini Konstanz, miaka mia moja na zaidi kidogo kabla ya hoja za Luther. Waliomfuata waliteswa, wakatawanyika. Na mwaka 1722 mabaki yao kutoka Moravia wakapewa hifadhi Ujerumani, mahali palipoitwa Herrnhut. Kutoka Herrnhut walitumwa wamisionari waliofika Rungwe mwaka 1891. Mmoja wetu ameoa Rungwe, wakwe zake ni Wamoraviani. Tulipomwambia mzee hayo, akavua kofia.

Tukamwuliza kama anajua Kicheki. Akajibu kwa kirefu, nasi tukapotea njiani, basi binti akatutafsiria. Alisema bibi yake mzee huyu alizungumza Kicheki tu. Wajukuu walizungumza Kiingereza tu. Kila Jumamosi bibi alioka kolache, akampa kila mjukuu yake ikiwa bado moto. Usiku alipita kitanda hadi kitanda akiwaombea kwa Kicheki. Binti akanyamaza kidogo, kisha akamalizia: “Anasema, hajui mpaka leo bibi alikuwa anaomba nini.”

Akaweka mkate wake chini. Akasema, sasa kwa ajili yake mwenyewe, “Ni kama bibi yangu wa Machame. Kwa simu ananiombea. Mimi nasema tu amina.”

Baba yake akageuka kutazama barabara.

Wapendwa, tulielewa mambo mawili pale, na hatuwezi kuliacha hata moja. La kwanza: wazazi wa Dallas hawakuwa wamekosea kulia. Lugha ikipotea, kitu hukatika kati ya bibi na mjukuu, na mtu anaweza kuzeeka akiwa na jeraha hilo chini ya kofia. La pili: mzee yule hakujua lugha ya bibi yake, lakini Mungu wa bibi yake alimjua. Alijua kwamba aliombewa. Na mkate ulimfikia. Ulimfikia kwa sababu ulitolewa ukiwa moto, mkononi, bila masharti. Hakuna mtoto aliyetahiniwa Kicheki kabla ya kupewa kolache.

Sisi tulifanya kinyume. Katika Waamuzi sura ya 12 tunasoma habari za watu wa Gileadi waliolinda vivuko vya Yordani. Kila aliyetaka kuvuka aliambiwa atamke neno moja, Shibolethi. Aliyeshindwa kulitamka sawasawa aliuawa palepale mtoni. Tumelihubiri fungu hilo mara kadhaa kama habari za watu wakatili wa kale. Jumapili ile tuliligeuza Imani ya Mitume kuwa Shibolethi, tukasimama kivukoni na kipaza sauti. Maneno yaliyotungwa ili mtu aingie nyumbani mwa Mungu, tuliyatumia kumfungia mlango mtoto aliyekwisha kuwa ndani.

Tena tulisahau tulivyopata Injili sisi wenyewe. Hus alihubiri Kicheki kwa sababu ndiyo lugha ya waliomsikiliza. Luther alitoa Agano Jipya kwa Kijerumani mwaka 1522 kwa sababu hiyohiyo. Na wamisionari waliokuja kwetu iliwabidi wajifunze Kichaga, Kinyakyusa, Kiswahili, wakikosea matamshi, na bibi zetu bila shaka wakicheka. Anayejua zaidi ndiye hutangulia kuvuka kumfuata asiyejua. Ndivyo Neno lilivyofanyika mwili. Sisi tulimtaka mtoto avuke peke yake.

Basi tulimwomba radhi. Tunakiri haikuwa rahisi. Katika malezi yetu mtoto ndiye huomba radhi kwa mkubwa, na mchungaji huombwa, haombi. Tulisema: “Binti yetu, jana tulikukosea mbele ya watu. Tulikucheka, na tulisema neno ambalo si kweli. Utusamehe.”

Akatazama boksi la mikate. “Ni sawa,” akasema. Halafu, baada ya kimya: “Lakini watu wote walicheka.”

Alisema kweli. Kosa lililotangazwa kwa kipaza sauti haliombewi radhi chini ya mti kando ya barabara likaisha. Tukamwuliza kama anaturuhusu kulirekebisha kanisani. Akafikiri, akajibu: “Msiniite mbele. Na msitaje jina.” Tukaahidi.

Jumapili iliyofuata, mjini Dallas, tulisimama tena mahali palepale. Hatukumwita wala hatukumtaja. Tulisema kwamba tulimwaibisha mtoto wa usharika, kwamba swali letu lilikuwa la kiburi, na kwamba tumemsikia mwenyewe akiomba, hivyo tunajua anamjua Mungu. Hakuna aliyepiga makofi. Kanisa lilikaa kimya muda mrefu, kisha mama mmoja mzee akaanza wimbo, tukaimba.

Kwa wazee wa kanisa hatukutoa hukumu. Tulishauri masomo yasomwe kwa lugha zote mbili, na mahubiri yafupishwe ili yatafsiriwe. Tulishauri pia vijana wafundishwe Kiswahili na wazee wao, jioni, penye chai na chakula, na mtu akikosea neno asichekwe, asaidiwe. Tukaongeza kwamba wazee nao wajifunze sala moja ya Kiingereza kutoka kwa wajukuu. Wengine walikubali, wengine walinung’unika. Mvutano haukuisha siku ile.

Tumerudi nyumbani, na tumegundua kwamba kivuko kile kiko huku pia. Katika sharika zetu wapo watoto wanaojua Kiswahili na Kiingereza lakini hawawezi kuzungumza na bibi kijijini. Na kila mwaka, kabla ya kipaimara, tunawasimamisha watoto mbele ya usharika na kuwauliza Katekisimo. Hatujaacha kuuliza. Luther aliiandika Katekisimo Ndogo mwaka 1529 ili ifundishwe nyumbani, na mtoto anahitaji maneno ya kushika siku za giza. Lakini sasa, wiki moja kabla, tunakaa na watoto wale, tunaandaa chai na mikate, na tunamwomba kila mmoja asali kwa lugha aliyozoea kusali akiwa peke yake. Sisi tunafumba macho na kusikiliza. Maswali yanafuata baadaye, tukiwa tumekwisha kumega mkate.