Ubovu Una Ukoo



Tangu nimalize kidato cha nne nimepewa ushauri mwingi kuhusu riwaya ninayoiandika. Mmoja kasema nisafiri nione dunia. Mwingine kasema nipende kwanza, niumizwe, ndipo nitapata la kuandika. Hakuna aliyesema nikakae kwenye kibanda cha fundi friji. Pale nilipelekwa na njaa, sikupelekwa na fasihi. Huu ni mwaka wangu wa pili nikiwa saidia fundi hapa Temeke, na mengi ninayoyajua kuhusu kisa na chanzo chake nimeyapata kati ya majokofu yaliyong'olewa milango na pangaboi zilizogoma kuzunguka.

Fundi wetu ni mtu mzima, mpole, hana maneno mengi. Mteja akileta kitu, hashiki bisibisi kwanza. Anamvutia mteja kiti, halafu anauliza maswali manne, kila siku yaleyale: Kinafanya nini? Kilianza lini? Kabla ya hapo kulitokea nini? Na nani mwingine anakitumia? Wateja wengine huona anawapotezea muda. "Fundi, we fungua tu bwana," wanasema. Yeye hafungui.

Maswali yale yana kazi. Chukua feni inayounguruma bila kuzunguka. Mwenyewe atakwambia imeungua. Ukimuuliza vizuri atakumbuka kwamba akiisukuma kidogo kwa kijiti inaanza kwenda yenyewe. Basi hapo mota haijafa. Kilichochoka mara nyingi ni kapasita, kile kidude kinachoipa mota nguvu ya kuanzia, na bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na feni mpya. Au chukua pasi isiyopata moto. Fundi anaanzia ukutani: soketi ina umeme? Plagi je? Fyuzi iliyo ndani ya plagi? Waya, hasa pale unapojikunja karibu na mkono wa pasi? Anaifuata njia ya umeme hatua kwa hatua mpaka afike pale ulipokwama. Harukii katikati. Nimemsoma Willy Gamba wa Elvis Musiba tangu niko shule ya msingi, lakini upelelezi nimekuja kuushuhudia kwa macho pale kibandani, na hapana bastola.

Sasa niseme kidogo habari ya kuchagua, maana kila anayejua nakaa kwa fundi hunivuta pembeni na kuniuliza anunue lipi.

Mwaka jana mama yangu alipokea upatu. Walikuwa akina mama kumi, kila mmoja anatoa elfu arobaini kwa mwezi, na zamu ya mama ilikuwa ya nane. Laki nne. Miezi saba alitoa huku wenzake wakipokea, na muda wote huo barafu zake za ukwaju na ubuyu alikuwa akizigandisha kwenye friza la jirani na kumlipa jirani kwa kila mfuko. Alitaka cha kwake. Mdogo wangu yuko sekondari, na nauli yake, madaftari yake, viatu vyake, vyote vinatoka kwenye barafu. Laki nne zile zikipotea hakuna nyingine nyuma yake. Ndiyo maana naandika habari ya friza kama mtu anayeandika habari ya mahari.

Tukaenda Kariakoo, mama na mimi, kutafuta la mtumba. Muuzaji wa kwanza alitukaribisha vizuri mno. Akatuonyesha moja jeupe, limepigwa rangi linang'aa. "Mama, hili limetoka Ulaya juzi tu, halijaonja umeme wa Bongo." Mama akalipenda. Mimi nikazunguka nyuma kusoma kibandiko.

Ndugu zangu, kila kifaa kina kibandiko chake, na wanaokisoma ni wachache. Hapo pameandikwa volti, mizunguko ya umeme, wati, na kwa majokofu, aina ya gesi. Rangi inaweza kupigwa upya asubuhi ya leo, lakini kibandiko hakijui kubembeleza. Lile friza liliandikwa 115V, 60Hz. Umeme wetu ni volti 230 na mizunguko 50 kwa sekunde. Kumbe mgeni wetu alizaliwa kwa ajili ya umeme wa namna ya Marekani, wala si Ulaya, na ukimchomeka kwenye soketi yetu hivihivi mota inaungua. Muuzaji akasema tununue transfoma. Ni kweli transfoma hushusha volti, lakini mizunguko haibadilishi. Mota iliyotengenezewa 60 ikipewa 50 huenda polepole na kuchemka kuliko ilivyokusudiwa. Na transfoma yenyewe haitolewi bure.

La pili lilikuwa na kibandiko cha R12. Hiyo ni gesi ya zamani, ya jamii ile inayoharibu tabaka la ozoni. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 uliamua gesi hizo ziondolewe, na kwa nchi zinazoendelea mwisho wake ulikuwa mwaka 2010. Siku friza la namna hiyo likivuja, unabaki na sanduku la kuwekea nguo. Mengi yanayotengenezwa siku hizi yanatumia R600a. Hiyo ozoni haiidhuru, ila inashika moto, kwa hiyo fundi anayekuja kuchomelea friji lako bila kusoma kibandiko, mkimbie.

La tatu ndilo tulilolichukua. Rangi imechubuka, pembeni pana kutu. 220-240V, 50Hz, R134a. Lilikuwa la kulala, lile linalofunguliwa kwa juu. Mama akauliza kwa nini tusichukue la kusimama, ambalo linapendeza sebuleni. Nikamweleza kwamba hewa ya baridi ni nzito, inazama. Ukifungua mlango wa friza la kusimama inakumwagikia miguuni. Ukifungua mfuniko wa juu, nyingi inabaki ndani. Kwa mtu anayefungua mara hamsini kwa siku kuuzia watoto barafu, hiyo ni fedha.

Njiani nilikuwa nimemfundisha mama kupima raba. Akatoa noti ya elfu moja, akaibana kwenye mfuniko, akavuta. Ikagoma. Akazunguka pande zote nne, noti ikagoma kote. Halafu akafanya jambo ambalo sikumfundisha. Akamwomba muuzaji aliwashe, akageuza ndoo, akaketi.

"Mama, mnasubiri nini?" muuzaji akauliza.

"Nasubiri mgonjwa achoke kuigiza uzima," mama akajibu.

Tulikaa saa nzima. Muuzaji alinuna, mwisho akacheka mwenyewe. Ukungu mweupe ulishika kuta zote za ndani, sawasawa. Gesi ikiwa pungufu, ukungu hushika upande mmoja tu. Tukapatana laki tatu na sabini. Elfu thelathini zilizobaki tulilipia guta, na tukanunua kile kidude cha kulinda friji. Kazi yake si kuzuia umeme mbaya peke yake. Umeme ukikatika na kurudi ghafla, kinalichelewesha friza dakika chache, ili msukumo wa gesi ndani ya mabomba utulie kabla kompresa haijaanza tena. Tulipofika nyumbani tukaliacha limesimama mpaka usiku bila kuliwasha, mafuta ya kompresa yarudi chini. Mama hakulala. Alikuwa anaamka kulisikiliza.

Lakini kisa kilichonifanya nishike kalamu ni kingine.

Siku moja alikuja mama mmoja na friji kwenye pikapu. Amefuatana na dada wake wa kazi, msichana ambaye hata ishirini sidhani kama amefika. Fundi akamsalimu, akamvutia kiti.

"Linafanya nini, mama?"

"Linanguruma tu mchana na usiku, baridi hamna."

"Lilianza lini?"

"Jumamosi."

"Kabla ya hapo kulitokea nini?"

"Hakuna. Limekufa lenyewe."

"Nani mwingine analitumia?"

Yule mama akamgeukia msichana. Msichana akatazama kandambili zake.

Fundi hakusema neno. Tukalihamisha kivulini. Akatia naitrojeni kwenye mabomba, akachukua sifongo yenye povu la sabuni, akaanza kupaka pole pole, kiungo kwa kiungo. Alipofika kwenye kile kisanduku cha barafu, povu likaanza kutoa mapovu madogo madogo. Tundu. Upana wake ni ncha ya kisu. Kibandani tunayajua matundu hayo kama daktari anavyojua surua: barafu imejaa, mtu amechoka kuingoja iyeyuke, kachukua kisu kuibandua, na kisu kimepita kwenye bati laini hadi kwenye njia ya gesi.

"Ni kisu, au si kisu?" yule mama akauliza.

"Ni kisu," Fundi akasema.

"Nilijua! Nitamkata mshahara mpaka hela yangu irudi."

Msichana akaanza kulia bila sauti. Mimi nikawa nafuta bisibisi ambayo haikuwa chafu.

Fundi akatoa noti mfukoni, akaibana kwenye mlango wa lile friji. Hata hakuivuta. Ikadondoka yenyewe.

"Mama, raba hii imechanika lini?"

"Aa, hiyo ni ya siku nyingi. Mwaka sasa."

"Basi nisikilize, mama yangu. Hewa yetu ya Dar ina maji mengi. Raba ikichanika, hewa hiyo inaingia usiku kucha, maji yake yanaganda humu ndani. Barafu inakuwa nene. Friji halipati baridi, halipumzi. Hili ni la wati 150. Likipumzika nusu ya muda linakula uniti moja nukta nane kwa siku. Lisipopumzika kabisa, tatu nukta sita. Kwa mwezi ni uniti 54 zaidi, na ulikuwa unazilipia kwenye Luku bila kujua. Sasa barafu imejaa, nyama haiingii, wewe unataka nyama iingie. Huyu binti afanyeje? Kisu kimetoboa, sikatai. Ila kisu hakikuanza."

Yule mama akakaa kimya. Sitaki kuwadanganya kwamba alimkumbatia msichana kama kwenye filamu. Alifungua pochi, akahesabu malipo ya awali, akasema, "Weka na raba mpya." Habari ya mshahara hakuitaja tena, wala sisi hatukuuliza. Fundi akamwita msichana kando, akamwambia: barafu ikijaa, lizime, chomoa plagi, weka bakuli la maji ya moto ndani, funga mlango, kaendelee na kazi zako. Itaanguka yenyewe. Kisu ni cha vitunguu.

Nimelifikiria jambo hili siku nyingi. Mkono wa mwisho kukigusa kitu ndio unaoonekana, na ndio unaokamatwa. Na mara nyingi huo ni mkono wa mdogo wa nyumba, yule asiye na wa kumsemea. Lakini ubovu una ukoo. Una baba na babu, na ukimpiga mjukuu peke yake, ukoo unaendelea kuzaa. Laiti lile friji lingezibwa tundu bila kubadilishwa raba, lingerudi kwetu kabla ya mwaka, na pengine likiwa na msichana mwingine. Katika riwaya yangu kuna kijana anayeiba fedha za rambirambi, na mtaa mzima unataka kumchoma moto. Nina maswali manne ya kumuuliza kabla sijaendelea na sura ya tano.

Mwezi uliofuata yule msichana alikuja tena, safari hii peke yake, ameshika pasi ndani ya mfuko wa rambo. Akamsalimu Fundi, "Shikamoo baba," akaketi kwenye kiti kabla hajavutiwa. Fundi hakuwahi kufungua mdomo.

"Haipati moto," akasema. "Imeanza jana jioni. Kabla ya hapo ilianguka chini. Niliiangusha mimi."

Fundi akaipokea, akaitikisa karibu na sikio. Ndani kulikuwa na kitu kinacheza.

"Vizuri, mwanangu," akasema. "Hiyo ndiyo nusu ya kazi."

Akanipa bisibisi.