Wageni wa Usiku na Banda la Kuku



Sisi tukaao pembezoni mwa mji wa Tanga, penye minazi na miembe, twajuana sana na wanyama watembeao usiku. Wawili ndio wanaotusumbua: fungo, mwenye mwili mzito na madoa meusi, na kanu, mwembamba kama paka, mwenye mkia mrefu wa miviringo myeusi. Watu wengi huwachanganya, na kwa kuwachanganya hukosa kujua la kufanya. Fungo hutembea chini, wala si hodari wa kupanda. Hula maembe yaliyoanguka, vyura, panya, hata jongoo ambao wanyama wengi huwaepuka. Na akikuta kuku amelala chini humchukua. Kanu hupanda miti na kuta, na penye upenyo upitishao kichwa chake, mwili wote hupita. Basi azibaye chini na kuacha juu wazi, amemfungia fungo na kumkaribisha kanu.

Mwaka 2021 kuku wa mtaani kwetu waliliwa mfululizo. Jirani mmoja akanunua sumu, akaipaka katika utumbo wa mbuzi, akautupa nyuma ya nyumba. Asubuhi tulikuta paka 4 wamekufa, na mmoja wao ni yule wa chuoni, aliyezoea kulala juu ya mikeka ya watoto. Fungo hakuonekana, wala kanu. Haikupita miezi miwili panya wakajaa, wakatoboa magunia ya mchele nyumba hata nyumba. Lakini lililonikosesha usingizi ni jingine. Njia ile ndiyo wapitayo wanafunzi wangu baada ya Alfajiri, na wadogo wao huokota kila wakionacho. Allah alitusitiri: mama mmoja aliyekuwa akienda kisimani aliuona utumbo uliobaki, akaufukia.

Nilimwendea jirani yule jioni. Akaniambia, "Maalim, najua ulilolijia. Lakini kuku wangu je? Niwaache waliwe?"

Swali lake lilikuwa la haki. Ningemsomea hadithi ya mwanamke aliyemfungia paka hata akafa kwa njaa, naye anaijua tangu utotoni. Isingemrudishia kuku hata mmoja. Nikamwambia, "Bwana, kesho nije na msumeno?"

Tukajenga banda juu ya nguzo 4, kimo cha kiuno cha mtu. Kila nguzo tuliizungushia bati laini, ili kucha za kanu zisipate pa kushika. Wavu tuliutafuta wenye matundu madogo, yasiyopitisha vidole viwili. Ule wa matundu makubwa humzuia kuku asitoke, haumzuii kanu asiingie. Upenyo ulio kati ya ukuta na paa, ambao mafundi wengi huusahau, tukauziba kwa wavu ule ule. Mlango una komeo, na kuku huingizwa kabla ya adhana ya Magharibi.

Tena kuna jambo la jikoni, na hapa nasema na wenye nyumba, wake kwa waume. Karamu zetu ni nyingi. Baada ya maulidi au khitma mifupa hutupwa nyuma ya jiko, na masufuria hulala wazi hata asubuhi. Kisha twashangaa wageni wametoka wapi! Mtume wetu (s.a.w.) alitufundisha kufunika vyombo na kufunga milango usiku. Takataka nasi tuzifunike, au tuzifukie kwa kina, na matunda yaliyoanguka uani yaokotwe kabla ya giza.

Mnyama wa usiku akionekana mchana, asiyeogopa watu au anayeyumba, msimkaribie: huenda ana kichaa cha mbwa. Aliyeumwa aoshwe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku ile ile apate chanjo. Dalili zikishatokea, ni shida kupona.

Wazee wetu walimthamini fungo kwa zabadi, manukato yatokayo katika tezi iliyo karibu na mkia wake, na huko Uhabeshi watu wamemfuga kwa ajili hiyo tangu zamani. Siku hizi twamkumbuka kwa kuku tu.

Jirani yangu sasa ana kuku 17. Fungo angali akipita. Nyayo zake huziona baada ya mvua chini ya mpera ulio mbali, nje ya ua, ambao mapera yake hatuyaokoti.